Mji wa Mount Laurel na Nyumba za Maskini

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu hufukuzwa katika mji wake kwa fimbo au kwa moto tu. Lakini iko njia nyingine isiyo na kelele. Wakubwa wa mji huketi barazani, huandika sheria juu ya viwanja na nyumba, wala sheria hiyo haimtaji mtu kwa jina lake wala kwa rangi yake. Hata hivyo, ikiisha kupigwa muhuri, maskini huona kwamba hana tena mahali pa kulaza watoto wake. Wasomaji wetu, twataka kuwaeleza habari za mji mmoja wa Marekani ambao watu wake walishindana juu ya jambo hili muda wa miaka thelathini. Mji huo huitwa Mount Laurel.

Mount Laurel uko katika jimbo la New Jersey, upande wa mashariki wa Marekani. Msidhani ni mji wa majumba marefu yaliyosongamana. Hapo zamani ulikuwa nchi tambarare ya mashamba, na nyumba zilikuwa moja moja kando ya njia. Eneo lake ni maili za mraba 22, yaani eka 14,000 na zaidi. Ukitoka hapo kwenda mpaka wa mji wa Camden hupiti hata maili 7, na daraja la kuvukia mto kwenda Philadelphia, mji mkubwa sana, haliko mbali zaidi ya maili 10.

Mwaka 1950 mji wote ulikuwa na watu 2,817. Baadaye kidogo, njia kuu ya motokaa ya New Jersey ilifunguliwa, nayo hupita hapo hapo. Watu wenye kazi nzuri mijini wakaanza kutafuta viwanja vya mashambani, maana sasa mtu aliweza kulala shamba na kufanya kazi mjini. Viwanda navyo vikawafuata. Mwaka 1960 watu walikuwa 5,249, na mwaka 1970 walikuwa 11,221. Kwa muda wa miaka ishirini watu walizidi mara nne.

Lakini palikuwa na wenyeji waliotangulia hawa wote. Katika sehemu iitwayo Springville walikaa jamaa za watu weusi, ambao babu zao walikuwa pale tangu siku za utumwa wa Marekani. Upande ule walikuwako Wakristo waitwao Quaker waliouchukia utumwa, na kwa hiyo watu weusi walio huru waliweza kupata kituo kati yao. Wajukuu wao walilima mashamba ya wengine, wakajenga kanisa lao la Methodisti, wakazaliwa na kuzikwa pale kizazi baada ya kizazi. Walikuwa maskini. Nyumba zao nyingi zilikuwa mbovu, na baadhi yao walikaa katika mabanda yaliyokuwa ya kuku hapo kwanza.

Wakubwa wa mji walikuwa na desturi yao juu ya nyumba mbovu. Hawakuzitengeneza. Walingoja mpaka mwenye kukaa ametoka, kisha wakakataza mtu mwingine kuingia. Nyumba ikibomolewa, haikujengwa nyingine ambayo maskini angeweza kuilipia. Kwa hiyo vijana wa Springville walipooa, walilazimika kwenda Camden, kwenye mitaa ya taabu, wakawaacha wazee wao peke yao.

Mwisho wa miaka ya 1960 watu wa Springville walifanya shauri. Waliunda chama chao kidogo, wakatafuta fedha za serikali, wakakusudia kujenga nyumba 36 za kupanga, zilizoungana, zenye vyumba viwili au vitatu vya kulala. Hesabu hiyo ni ndogo mno. Hawakutaka kuugeuza mji. Walitaka watoto wao wasitawanyike, na wazee wao wafe karibu na kanisa lao.

Ili fedha zile zipatikane, ilipasa baraza la mji likubali. Mwaka 1968 baraza likajibu kwa maneno matamu. Likasema, ni kweli, nyumba za bei ndogo zahitajiwa. Lakini sharti zijengwe kwa kufuata sheria zote za mji. Na sheria za mji zilikuwaje? Sheria ya mwaka 1964 iliruhusu nyumba ya jamaa moja tu, iliyosimama peke yake katika kiwanja chake. Nyumba zilizoungana zilikatazwa. Nyumba za kupanga za ghorofa zilikatazwa. Hata nyumba za magurudumu zilikatazwa. Katika Springville kila nyumba ilipasa kuwa na kiwanja cha futi za mraba 20,000, karibu nusu ya eka. Ni kama kumwambia mtu mwenye njaa, Karibu ule, ila sharti uje na ng'ombe wako mwenyewe. Ndipo shauri la nyumba 36 likafa, bila mtu yeyote barazani kusema neno la kukataa.

Yafaa tuulize, kwa nini wakubwa walifanya hivi? Twakosa tukisema ni chuki tu, ingawa chuki ilikuwapo. Katika New Jersey shule za mji hulipiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya nyumba na viwanja vya mji ule ule. Nyumba kubwa ya tajiri hutoa kodi nyingi. Nyumba ndogo hutoa kodi kidogo, na pengine ina watoto wanne wa kusomeshwa. Basi mwenye kuangalia hesabu tu huona faida kumkaribisha tajiri asiye na watoto, na hasara kumkaribisha maskini mwenye watoto. Kwa sababu hii mji uliweka zaidi ya eka 4,000 kwa viwanda, ijapokuwa viwanda vilivyokuwako vilitumia eka mia moja hivi tu. Ardhi ilikuwa tupu, lakini maskini hakupewa.

Hata juu ya wazee hesabu ile ile ilifanywa. Mwezi wa Septemba 1972 baraza lilitenga mahali pa nyumba za wazee waliostaafu, likijisifu kwamba linatimiza haja ya watu. Kwa kusikia, ni jambo jema. Lakini soma masharti yake. Mwenye kukaa awe na miaka 52 au zaidi. Mtoto akiwapo, awe mmoja tu, naye awe amepita miaka 18. Na watu wote wa nyumba wasizidi watatu. Tena mjenzi alitakiwa kuweka mambo mengi ya gharama, hata mzee maskini asiweze kulipa. Baadaye majaji waliona wazi kwamba mahali pale hapakuandaliwa kwa wazee wenye fedha chache. Mzee wa Springville, aliyezaliwa pale, hakuwa na mlango. Mzee mgeni mwenye akiba alifunguliwa.

Turudi nyuma kidogo. Jumapili moja ya mwaka 1970, Meya wa mji, jina lake Bill Haines, alikwenda kusema na watu weusi kanisani mwao. Walikuwa wamekusanyika wamngoje, wakitumaini kusikia habari za nyumba zao. Aliwajibu kwamba wasioweza kumudu kukaa katika mji ule, basi hawana budi kuondoka. Maneno hayo aliyasema mbele ya watu ambao babu zao walikuwa pale kabla ya nyumba mpya zote kujengwa. Twaweza kufikiri kimya kilichoingia mle ndani.

Katika kusanyiko lile alikuwamo mama mmoja, Ethel Lawrence, aliyezaliwa mwaka 1926. Jamaa yake ilikuwa imekaa Mount Laurel vizazi sita. Kazi yake ilikuwa kulea na kufundisha watoto wadogo. Yeye na mume wake walikuwa na watoto wengi. Hakuwa mtu wa siasa. Lakini wanasheria waliokuwa wakiwatetea maskini wa Camden, miongoni mwao Carl Bisgaier na Peter O'Connor, walipotafuta watu wa kuushtaki mji, yeye alikubali jina lake litumiwe, pamoja na la binti yake. Mwezi wa Mei 1971 mashtaka yalifikishwa mahakamani kwa jina la chama cha kutetea haki za watu weusi, kiitwacho kwa herufi zake NAACP. Tangu siku ile mama huyu alipata matukano na vitisho kutoka kwa watu wa mji wake mwenyewe. Lakini hakuondoa jina lake.

Mwaka 1972 jaji wa kwanza aliamua kwamba mji umekosa. Mji ukakata rufani. Tarehe 24 Machi 1975 mahakama ya juu kabisa ya New Jersey ilitoa hukumu, majaji wote wakiwa na neno moja, nayo iliandikwa na Jaji Frederick Hall. Hoja yake si ngumu kufahamu. Mji hauna uwezo wa kutawala ardhi kwa asili yake. Uwezo huo umeazimwa na jimbo, na jimbo limeupata kwa ajili ya manufaa ya watu wote. Basi mji hauwezi kuutumia kwa manufaa ya wenyeji wake wenye mali tu, na kuwafungia nje wengine. Kila mji unaokua sharti uache nafasi kwa nyumba za watu wa namna zote, na kuchukua fungu lake katika haja ya nchi iliyouzunguka.

Watu wa Springville walifurahi. Lakini hukumu iliyoandikwa si nyumba iliyojengwa. Mji uliambiwa urekebishe sheria zake, nao ukazirekebisha hivi: katika eka zaidi ya 14,000, ulitoa eka 20, katika mahali patatu. Mahali pamoja palikuwa kati ya ardhi ya viwanda, na mwenyewe hakuwa na nia ya kujenga nyumba. Pengine palikuwa na maji maji. Na mahali pa tatu palikuwa ndani ya mtaa mkubwa uliokwisha kupangwa. Ikapita miaka minane, wala haikujengwa hata nyumba moja ya maskini. Miji mingine mingi ya jimbo nayo ilifanya vivyo hivyo.

Tarehe 20 Januari 1983 mahakama ile ile ilisema mara ya pili, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Robert Wilentz. Alikemea waziwazi, akasema ya kuwa, baada ya karatasi zote na wataalamu wote waliolipwa, sheria ya Mount Laurel ilibaki kuwa na kusudi moja, kuwazuia maskini. Mara hii mahakama iliweka meno katika hukumu yake. Mjenzi yeyote aliyetaka kujenga nyumba nyingi, na kuahidi kwamba kama sehemu moja katika tano itakuwa ya watu wenye pato dogo, aliweza kuushtaki mji uliomkatalia, na jaji aliweza kumpa ruhusa. Ndipo miji ikaogopa.

Fitina ikawa kubwa katika jimbo lote. Mwaka 1985 ikatungwa sheria, na halmashauri ikawekwa ya kuhesabu fungu la kila mji. Lakini sheria hiyo iliacha matundu mawili, na twataka wasomaji wayaangalie. Tundu la kwanza: mji uliweza kuulipa mji mwingine fedha ili uchukue hata nusu ya fungu lake. Miji ya matajiri ililipa, miji ya maskini ikapokea, na maskini wakabaki pale pale walipokuwa. Mambo hayo yalikomeshwa kwa sheria mwaka 2008. Tundu la pili: kwa kanuni za halmashauri, robo ya fungu iliweza kuwa nyumba za wazee peke yao. Miji mingi ilipenda sana nyumba hizi, maana mzee hapeleki mtoto shuleni, na majirani hawamwogopi.

Hapa twataka kunena kwa uangalifu. Kuwajengea wazee ni kazi njema, wala hatusemi neno juu yake. Mzee mwenye fedha chache ahitaji chumba chenye joto, ngazi zisizomchosha, na watu wa kumwamkia asubuhi. Lakini tukimkaribisha mzee kwa sababu hana mtoto, hatukumheshimu uzee wake. Tumemtumia kama pazia la kumficha mama kijana aliyesimama mlangoni na watoto wake. Watu wa Springville hawakuomba wazee watengwe na wajukuu. Waliomba mahali pa wote wawili.

Basi, nyumba za Mount Laurel zilikuwaje? Ethel Lawrence hakuziona. Alifariki mwaka 1994, miaka ishirini na mitatu baada ya mashtaka yake kuandikwa. Peter O'Connor, mwanasheria wake wa tangu mwanzo, aliunda shirika lisilotafuta faida, akatafuta ardhi, akaleta ramani za nyumba 140 katika kiwanja cha eka 62.

Halmashauri ya mipango ya mji ilipofungua mikutano ya kusikiliza watu, chumba kilijaa. Wengi walisema kwa hasira. Walisema wezi wataingia, bei ya nyumba zetu itaanguka, kodi itapanda, shule zitajaa watoto wasiofundishika. Wako waliowajibu, wakisema, Watu hawa ni waalimu wa watoto wenu, na wauguzi wa wagonjwa wenu, na wauzaji wa maduka yenu. Mbona mwawataka mchana, na usiku hamwataki? Mwisho, mwaka 1997, halmashauri ilitoa ruhusa. Mwaka 2000 wapangaji wa kwanza waliingia katika nyumba 100 za mwanzo, na baada ya miaka michache nyumba 40 nyingine zikaongezwa. Mahali pale paliitwa kwa jina la yule mama.

Sasa hofu zile zote ziliweza kupimwa. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Douglas Massey, pamoja na wenzake, walichunguza mambo kwa hesabu, wakachapisha kitabu chao mwaka 2013. Walilinganisha Mount Laurel na miji jirani iliyofanana nao, kabla ya nyumba kujengwa na baada yake. Waliona ya kuwa uhalifu haukuzidi kwa sababu ya nyumba zile, bei ya nyumba za majirani haikuanguka, kodi haikupanda. Majirani wengi hawakujua hata kwamba nyumba hizo ziko karibu nao. Tena waliwauliza wapangaji, wakawalinganisha na watu walioomba nyumba lakini hawajapata. Wapangaji walikuwa na kazi zaidi na fujo kidogo maishani mwao, na watoto wao walipata shule njema zaidi na muda zaidi wa kusoma.

Tukiyatazama mambo haya yote, twaona kwamba hofu iliyonenwa mikutanoni ilikuwa na nguvu nyingi na ushahidi kidogo. Hatusemi kwamba kila mwenye hofu ni mtu mbaya. Mtu aliyetumia jasho la maisha yake kupata nyumba moja ana haki ya kuuliza, Itakuwaje? Lakini kuuliza ni kitu kimoja, na kukataa kungoja jibu ni kitu kingine. Katika Mount Laurel swali liliulizwa mwaka 1968, na jibu likapatikana baada ya mwaka 2000. Katikati ya miaka hiyo mtoto aliyezaliwa Springville alikua, akaoa, akahama, akapata watoto wake mwenyewe mahali pengine. Huyo harudishwi kwa hukumu wala kwa hesabu za chuo kikuu.

Shauri halijaisha katika New Jersey. Mwaka 2015 majaji walilirudisha mikononi mwao, kwa kuwa halmashauri ile ya mwaka 1985 ilikuwa imeshindwa kazi yake. Na mwaka 2024 ilitungwa sheria mpya iliyoiondoa kabisa. Makumi ya maelfu ya nyumba zimejengwa katika jimbo kwa sababu ya kesi hii, na bado miji kadha wa kadha hushindana mahakamani juu ya fungu lake.

Wahenga wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twaona habari hizi zazidi methali hiyo, maana hapa waliofungiwa mlango hawakuwa wageni. Walikuwa wenyeji, nao wageni ndio waliokuwa na ufunguo. Kila penye baraza la kugawa viwanja neno hili laweza kutokea. Basi tuwapo barazani, tusisikilize tu maneno ya sheria kama ni matamu au makali. Tuulize: sheria hii ikiisha kupita, nani atalala wapi? Mzee wa mji atazeeka wapi, na mjukuu wake atampelekea maji kutoka umbali gani? Baraza lisiloweza kujibu maswali haya halijawa tayari kupiga muhuri.